Kapigilia nondo katikati ya pichi, halafu anasema "nimewasaidia"

KichuguuSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, simtaji. Hakuna haja. Kama unaishi kati ya Mikindani na Lindi mjini na umewahi kula pilau la harusi, umelila ukiwa umekalia kiti chake. Huyo huyo. Mwenye gari la maturubai lenye honi ya kufufua wafu.

Kafunga turubai kwenye uwanja wetu wa kriketi. Uwanja una nafasi ya harusi nne na msiba mmoja, na bado mbuzi wapate pa kulala. Yeye kaona pa kupigilia ni kwenye pichi, ule ukanda mgumu wa katikati mpira unapodundishwa. Nondo sita za milimita 16, kila moja imezama sentimita 60. Na alipoulizwa, njomba, ALIPOULIZWA, akatoa kijiti cha meno mdomoni, akasema: "Si huwa mnachomeka fimbo zenu hapa? Nimewasaidia. Mashimo hayo."

Mashimo hayo!

Fimbo zenyewe ni tatu kila upande, ndizo wiketi, upana wa zote pamoja sentimita 22.86, urefu 71.1, na zinakaa mwisho wa pichi, mita 20.12 kutoka wiketi hii hadi ile. Yeye katoboa kama mita 7 mbele ya mpigaji, pale pale ambapo mrushaji wa kasi anahangaika kutwa nzima apate kudundisha mpira. Hata angetumwa na adui na futikamba mkononi asingepalenga vile.

Kwa wasiojua: mchanga wetu huu wa pwani hauchezewi kriketi. Juu yake limewekwa tabaka la sentimita 10 la udongo wa kichuguu, uliopondwa, ukachekechwa, ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa rola kidogo kidogo, ndipo mkeka ukalazwa juu. Nondo imepita udongo wote mpaka mchangani. Mvua ikinyesha maji yanashuka kwenye tundu, mchanga wa chini unahama, udongo unabaki unaning'inia kama sakafu iliyochimbwa na panya. Mpira ukigonga ukingo unaruka kidevuni. Ukitua katikati ya tundu unalala usingizi.

Na mtu anadai shukrani. "Nimewasaidia." Uwanja wa Headingley kule Leeds, Uingereza, Agosti 1975, watu waliingia usiku wakachimba pichi na kumwaga oili ili mfungwa wao George Davis aachiwe. Uingereza na Australia hawakucheza siku ya mwisho, mechi ikaandikwa sare. Wale angalau walisubiri giza. Huyu mchana kweupe, spika zinaunguruma, sahani ya ubwabwa mkononi!

Pweza_wa_Shangani

"Mashimo hayo" 😂😂😂 nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Huyu ndiye aliyefunga turubai la msiba bila kukaza kamba za kati, maji ya mvua yakajaa juu kama bwawa, kisha yote yakashukia kwenye sufuria la wali. Akasema chakula kilikuwa kikavu.

Ilulu_Damu

Mwanzisha uzi acha kulialia. Headingley siku ile ya mwisho mvua ilinyesha, hata bila mashimo ingekuwa sare tu. Chukua nusu mfuko wa saruji, ziba, chezeni.

KichuguuSafi

SARUJI? Ilulu_Damu, wewe na yule mzee mmezaliwa tumbo moja. Saruji haisinyai wala haitanuki na udongo. Jua likipiga, udongo unajivuta pembeni, kizibo kinabaki kimesimama peke yake kama jino la bibi. Mpira ukikigonga unateleza kwa kasi, hatua moja pembeni unadunda pole. Mpigaji atabashiri vipi?

Shimo linazibwa hivi. Unakwangua udongo uliolegea mpaka ufike kwenye mgumu. Chini kwenye mchanga unashindilia kwanza, maana ukiruka hapo kazi yote inazama. Kuta unazilowesha kidogo na kuzikwaruza zishike. Unarudisha udongo ULE ULE wa kichuguu. Usilete wa kichuguu kingine, kila kimoja kina mfinyanzi wake. Uwe na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kuchuruza maji. Sentimita 2, shindilia kwa mpini wa jembe. Sentimita 2 tena, shindilia. Juu acha kibaki kinundu kidogo, funika kwa gunia bichi ukauke polepole, kisha rola. Ukiharakisha unapasuka kama kisigino cha kiangazi. Zidisha mara sita, halafu niambie nani kamsaidia nani.

Binti_Mikindani

Kuna viwanja vimekufa bila hata nondo moja. Sabina Park, Kingston, Jamaika, Januari 1998: West Indies na Uingereza walicheza mipira 61 tu. Pichi ilikuwa imetengenezwa upya na haikuwa sawa, mpira mmoja unapita kifundoni, unaofuata masikioni. Waamuzi na manahodha wakakubaliana kuvunja. Na kwa sisi wa mchanga, chungu zaidi ni Antigua, Uwanja wa Sir Vivian Richards, Februari 2009. Mipira KUMI, basi. Pichi haikuwa na neno, ila pale warushaji wanapokimbilia palikuwa mchanga mtupu, wanazama kama wanavuta jarife. Mechi ikahamishiwa uwanja wa zamani mjini. Kwa hiyo KichuguuSafi ukishaziba mashimo, angalia na njia ya mrushaji. Pale pana mchanga wa kuotesha mihogo.

Njomba_Mweusi

Mnateseka bure. New York 2024, Kombe la Dunia la ova 20 (mechi fupi, kila timu mipira 120), pichi zilioteshwa Florida kwenye trei, zikapandishwa malori mpaka Nassau County. Agizeni Dar.

Ilulu_Damu

Kwa barabara ipi? Ikifika Somanga imeshageuka tope la kufinyangia vyungu. Na hizo za New York zenyewe Sri Lanka walitolewa kwa mbio 77 na Afrika Kusini, watu wakalalamika mpira unadunda unavyotaka. Nondo hazikuwepo.

KichuguuSafi

Mnaondoka kwenye mada. Mtu kasema NIMEWASAIDIA.

Dada_Mtama

Mimi nina swali la kistaarabu. Ule mkorosho ulio ndani ya mstari wa mpaka, mpira ukiugonga ni nini? Maana wiki nzima watu wanagombana.

Binti_Mikindani

Dada, hilo mnaamua na waamuzi kabla ya kurusha sarafu, mkishaanza ni ugomvi. Canterbury, Uingereza, mti ulikuwa ndani ya uwanja na ukiugonga ni mbio nne, hata kama mpira ungepita juu kabisa kuwa sita. Kenya walicheza hapo na Uingereza Kombe la Dunia la 1999. Upepo uliuangusha Januari 2005, wakapanda mwingine. Pietermaritzburg, Afrika Kusini, nao wana wao ndani ya mpaka, na Kombe la Dunia la 2003 lilifika.

Pweza_wa_Shangani

Wa Canterbury mti gani? Nasikia mlimau.

Binti_Mikindani

Si wa kukamulia changu. Kwa Kizungu jina linafanana na la ndimu, basi. Hauzai cha kula.

Pweza_wa_Shangani

Mti usiozaa wanauwekea sheria. Mkorosho wetu unazaa na bado tunataka kuukata.

Ilulu_Damu

Kwanza uwanja wenyewe umeinama kuelekea baharini.

Njomba_Mweusi

Uwanja wa Lord's kule London umeinama mita 2.5 kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndio wanauita nyumbani kwa kriketi. Mrushaji anachagua upande wa kurushia, mteremko unamgeuzia mpira bure. Wa Mtwara mnapewa msaada na ardhi, mnalalamika. Mnapewa msaada na mzee wa turubai, mnalalamika.

KichuguuSafi

😡😡 Usilitaje hilo neno msaada.

Mzee_wa_Daraja_la_Kwanza

Wanangu, mashimo yataziba. Linalonikera mimi ni walioanika korosho juu ya mkeka ule. Mkeka wa makumbi si jamvi. Karachi 1956 Fazal Mahmood, mrushaji wa Pakistan, aliwatoa Australia mara 13 juu ya mkeka. Mkeka unatakiwa ukazwe kama ngoma. Ukiulegeza unajikunja, mpira unakamatia kwenye mikunjo. Na kuna watu wanaleta korosho zimeng'ang'aniwa na vipande vya bibo, lile tunda la mkorosho. Maji ya bibo hayatoki, mkeka unanata na sisimizi wanahamia.

Dada_Mtama

Mzee shikamoo. Waanike wapi sasa? Chini kwenye mchanga zinachafuka, ghalani wanakushusha daraja.

Mzee_wa_Daraja_la_Kwanza

Marahaba mwanangu. Kwanza anyofoe bibo lote. Aanike juani siku 2 hadi 3, azigeuze, jioni afunike zisipate umande. Akizitikisa mkononi zikalia kama kokoto, zimekauka. Kisha gunia la katani, na gunia likae juu ya chaga, lisiguse sakafu.

Ilulu_Damu

Mtwara mnatia kwenye viroba vya plastiki halafu mnashangaa zinaota ukungu.

Pweza_wa_Shangani

Wa Lindi ndio mnaoongoza kwa viroba, tusidanganyane. Gunia la katani mwaka huu linapatikana wapi?

Dada_Mtama

Magunia tuyaache. Nataka turubai la kuanikia, zito, lisilotoboka. Nani anakodisha?

Njomba_Mweusi

Kwa yule yule. Ana mazito kuliko wote. Ila mwambie nondo abaki nazo kwenye gari.