Vitabu vinne, mood nne tofauti, ni mimi tu?

Jamani wasomaji, mwezi huu nimechanganya vitabu kama kachumbari. Peponi ya Gurnah imenikaba koo, yule mtoto Yusuf anachukuliwa kulipia deni la baba yake na yeye anadhani anaenda kutembea tu na "mjomba", ikabidi nifunge kitabu kidogo. Rosa Mistika nayo nilikuwa na hasira na Zakaria, baba yake Rosa, kuanzia kile kipigo alichompa binti yake kwa ajili ya barua. Shamba la Wanyama nimecheka mpaka walipomchukua yule farasi. Halafu Nagona, kembamba vile, nimekianza mara tatu sielewi kitu! Tatizo ni mimi?

Jibu: Sio wewe. Kezilahabi ndiye kaandika zote mbili, ila yule wa Rosa Mistika ya 1971 na huyu wa Nagona ya 1990 ni kama watu wawili. Nagona kisome kama ndoto, usitafute ploti.

Jibu: Mi nilikiacha na sijuti 😂

Jibu: Zakaria mlevi yule, ila mimi mkewe Regina ndo aliniuma zaidi, anavumilia tu.

Muuliza: Eeh Regina! Basi Nagona narudi leo usiku, nikikwama tena nakirusha uvunguni.