Simu ya kamera nne imenitia aibu Kibirizi, dagaa wametoka bluu

Wakuu habari za jioni. Mods naombeni uzi huu msiuhamishie jukwaa la teknolojia, hili sio suala la teknolojia, hili ni suala la kuibiwa mchana kweupe.

Iko hivi. Shangazi yangu anaanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, tangu mimi sijazaliwa. Ule mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, wateja wake wengi wakahamia dagaa wa Mwanza na mpaka leo kuna ambao hawajarudi. Mimi kwa kujifanya mjanja nikamwambia shangazi siku hizi mteja anavutwa na picha, tuwapige dagaa picha kali, tuchanganye na ziwa, machweo, taa za wavuvi usiku, tupandishe statasi kila siku uone kama hawatorudi wenyewe. Akaniuliza kwani dagaa analiwa na macho? Lakini nilimsumbua mpaka akatoa laki mbili kwenye kibubu, mimi nikaongezea laki mbili na themanini, nikaenda duka moja pale Mwanga.

Muuzaji kijana mdomo umejaa asali. "Bro hii ni kamera nne, megapikseli 108, ina AI, yaani wewe unabonyeza tu simu inafikiri." Nyuma ya simu macho manne yamepangwa kama jiko la gesi. Kwenye boksi kuna picha ya mlima na ziwa inang'aa balaa, na chini kuna maandishi madogo kama chawa, picha ni kwa kielelezo tu. Hayo nimekuja kuyaona niko nyumbani.

Kesho yake asubuhi nikawahi ufukweni. Dagaa wa usiku ndo wanamwagwa kwenye vichanja, wale wa shangazi hawagusi mchanga kabisa, ndo maana bei yake ni ya juu na yeye anaringa nao. Kwa macho yangu walikuwa weupe ule wa fedha, bado wana umajimaji, wanameta mpaka raha. Nikapiga. Simu ikaandika kwa juu neno "chakula", ikafikiria sekunde moja (si inafikiri), ikanitolea dagaa wa bluu. Sio bluu ya mbali, bluu ya sare ya shule. Nikavuta picha kwa vidole nione vizuri, dagaa hawana macho! Yale macho meusi madogo yamefutwa, magamba yamelainishwa, wote wamekuwa kama vipande vya plastiki vilivyopakwa mafuta. Nakubali asubuhi ile mwanga wa hapa una ubluu kidogo, jua letu linatokea nyuma ya vilima kwaiyo ufukweni linachelewa, lakini mimi nililipa hela ili simu irekebishe hilo, sio ikazie.

Kosa langu la pili, nilikuwa na haraka nikaituma hivyohivyo kwa mama mmoja wa Tabora ambaye alikuwa mteja wa ndoo kumi kumi. Baada ya nusu saa inaingia voisi: "Mwanangu shikamoo yako nimeipokea, ila hawa dagaa mmewawekea dawa gani? Mwambie shangazi yako sisi tuna watoto huku." Shangazi aliisikiliza hiyo voisi mara tatu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alichota dagaa kiganja kimoja akafunga kwenye mfuko wa nailoni akaniambia peleka stendi, mpe dereva wa basi la Tabora, mteja akawaone mwenyewe. Nauli ya mzigo nimelipa mimi.

Nikasema labda kwenye mandhari itanitoa kimasomaso. Mnaoishi Dar hamjui, saa kumi na mbili na nusu nyie mnawasha taa, sisi huku jua ndo kwanza linashuka taratibu kwenda upande wa Kongo, linakata saa moja kasoro dakika chache. Kipindi hiki cha kiangazi na moshi wa mapori yanayochomwa milima ya Kongo huioni kabisa, jua linakuwa duara jekundu kama kiini cha yai unaliangalia hivihivi bila kuumia. Hicho ndo kitu nilichotaka, ule wekundu wa moshi. Simu ikaandika "machweo", ikanipaka anga la chungwa na zambarau kama kava la kanda ya taarabu, na maji ikayafanya ya swimingipuli. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani, linaonekana kama unaweza kulivuka umekunja suruali. Dogo mmoja mvuvi akaangalia akaniuliza kaka hapa ni Zanzibar?

Usiku ndo usiseme. Siku za giza, mwezi haupo, mitumbwi inatoka na taa kuvutia dagaa, ukisimama juu kwenye vilima unaona ziwa lote limewaka kama kuna mji kule katikati. Mimi toka mdogo nikiangalia zile taa huwa nasahau hata njaa. Nikawasha ile setingi ya usiku, nikaibana simu kwenye jiwe isitikisike, nikasubiri. Zikatoka kamasi. Taa moja imekuwa mistari mitatu, nyingine mkia kama mjusi. Na Liemba mchana niliivuta kwa zumu kutoka mlimani, meli iliyoundwa Ujerumani 1913 ikapita vita vya dunia ikazamishwa ikaibuliwa, kwa kamera yangu ni ubwabwa.

Nikaenda kwa fundi mmoja Ujiji, ndo akanifumbua macho, na ndo maana nawaandikia. Akasema piga picha ya mlango. Nikapiga. Akaziba kamera moja kwa kidole, piga tena. Picha ileile. Akaziba na nyingine, piga. Ileile! Wakuu kamera mbili kati ya nne hazina kazi yoyote ukipiga picha ya kawaida, ni za megapikseli 2 kila moja, zipo ili boksi liandikwe nne. Halafu akafungua maelezo ya picha, ukubwa 3000 kwa 4000, zidisha mwenyewe ni vidoti milioni 12, yaani megapikseli 12. Kumbe zile 108 simu inachukua vidoti tisa tisa inaunganisha viwe kimoja, kwaiyo picha unayopewa ni ya 12. Ya 108 kamili ipo imefichwa ndani huko kwenye "zaidi", na huwezi kuiona mpaka uitafute. Kuhusu zile taa akaniambia simu usiku inapiga picha kadhaa mfululizo inazibandika pamoja, sasa wewe umeibana kwenye jiwe sawa, mtumbwi nani ameubana? Mawimbi yanauchezesha. Nikakosa jibu.

Akanizimia ile AI, akanionyesha ukipiga machweo gusa pale kwenye anga karibu na jua, kitatokea kialama cha jua pembeni, kivute chini picha iingie giza, wekundu unarudi. Na kweli umerudi, sio wote lakini umerudi. Akaniambia pia picha za biashara nitume kama dokyumenti maana WhatsApp nayo inazikamua. Na kioo cha kamera kilikuwa kina mafuta ya dagaa, hilo nakiri ni langu, ila jamani msifutie kanga yenye mchanga kama nilivyofanya mimi, kina mkwaruzo sasa.

Dukani nilirudi. Yule kijana hata hakunikumbuka. Nikamwonyesha dagaa wa bluu, akacheka, akaita mwenzake naye aje acheke. "Bro si zinapendeza? Watu wanazitafuta rangi kama hizi." Nikamwambia nataka kurudisha, akasema warantii ni kwa simu isiyowaka, yako si inawaka? Sasa naulizeni wenye uelewa, mtu akikuuzia kamera nne na mbili ni mapambo, hapo sheria inasemaje, au ndo tumekubali? Na msije na habari za "jifunze kupiga picha", simu ya zamani ya binamu yangu ina kamera moja na kioo kimepasuka, dagaa wake wanatoka weupe na macho wanayo.

APDETI: Yule mama wa Tabora mzigo umemfikia, amewatafuna wakavu hapohapo stendi, ameagiza ndoo nne. Sio kumi ila nne. Picha sasa hivi zinapigwa na simu ya binamu kwa amri ya shangazi. Nakatia hapa ananiita nikammulikie anahesabu ndoo, maana tochi ya hii simu inawaka aisee, hapo sina ubishi.