Tupeane uzoefu: tangazo la simu lililowahi kukumaliza

Kanjo_Mstaafu: Jana usiku nimeona tangazo la meko ya gesi ya vichomeo vinne na oveni eti 4,500, nikakumbuka ile friji nililipia 2021 ikageuka "mteja hapatikani". Ukurasa ulikuwa na picha za duka na watu wamekomenti "asante nimepokea", wote siku moja, na mimi sikustuka. Mko na zenu? Mwageni.

Mama_Wa_Zimma: Yangu ilikuwa viatu vya shule. Wacha tu.

Boda_Kasa: Wacha tu kivipi, si useme ni pesa ngapi

Mama_Wa_Zimma: 1,800. Umefurahi?

Aliyetubu: Bado naona haya lakini wacha niseme. Ilikuwa Januari, karo inaniuma, niko kwa mathree Thika Road, jam ya Roysambu, tangazo la mkopo likanitokea, dakika tano pesa iko kwa simu, hata kama uko CRB, wale wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, si shida. Nikabonyeza, nikajaza jina, kitambulisho, namba. Kidogo kijana ananipigia, sauti safi, ananiita mamangu, ananiambia utapata meseji ya namba sita nisomee tuthibitishe mkopo. Meseji yenyewe imeandikwa WhatsApp, imeandikwa usimpe mtu, na konda ananidai nauli, mtoto wa wenyewe ananilalia begani, nikasoma zote sita kwa mdomo wangu. Kufika Allsops WhatsApp imenitoa.

Sasa mimi ndio mweka hazina wa chama. Hawakuniibia mimi, waliandikia wamama kwa grupu eti mchango wa merigoraundi ya leo tumeni kwa namba hii, laini yangu ina shida. Wamama saba wakatuma 3,000 kila mtu, 21,000 imeenda kabla sijashuka Ngara. Mmoja tu alikataa juu mimi siandikangi kitu bila "Bwana asifiwe" kwanza, ndio akanipigia. Jumapili nilisimamishwa mbele ya mkutano kama mtoto wa nasari, mwingine akauliza kama hao wezi si ni mimi na bwanangu. Hiyo ndio ilinikata, si pesa. Nimelipa polepole, Agosti ndio nilimaliza.

Kanjo_Mstaafu: Aki mathee pole. Friji yangu sasa naona ni mchezo.

Fundi_Luthuli: Pole sana. Kwa wengine, hiyo ikikupata usikae ukilia, sajili WhatsApp upya na namba yako, ukiweka zile namba sita mpya mwizi anatolewa saa hiyo. Kama alishaweka pini yake ya hatua ya pili utangoja siku 7 ndio uingie bila hiyo pini, lakini na yeye hayuko ndani. Weka pini yako LEO. Na matangazo, tumia Firefox kwa simu ya Android, ongeza uBlock Origin, inazuia matangazo, hata bando inakaa.

Boda_Kasa: Dawa ni kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Haina matangazo, chaji siku tano

Mtu_Wa_Seva: Mnatibu dalili. Hamieni Mastodon, ni mtandao wa kijamii, iko tangu 2016, haiuzi matangazo, hakuna bosi mmoja, uko kwa seva yako, yaani kompyuta inayobeba akaunti yako, na bado unafuata mtu wa seva ingine kama vile barua pepe.

Mama_Wa_Zimma: Na chama nayo niihamishe huko? Soko yangu yote iko WhatsApp, huko nitauzia nani sukuma?

Fundi_Luthuli: Na usidanganye watu @Mtu_Wa_Seva, meseji za faragha za huko hazijafungwa vile za WhatsApp zimefungwa, mwenye seva akitaka anaweza soma. Mimi seva yangu ilifungwa juu mwenyewe alichoka kulipia. Wafuasi nilihama nao, lakini posti zote ziliachwa, miaka miwili.

Mtu_Wa_Seva: Ulichagua seva mbaya.

Fundi_Luthuli: Ni wewe ulinichagulia!!

Boda_Kasa: 😂😂😂

Shosh_Umoja: Mimi nauliza, mbona nikiongea na mzee kuhusu godoro, kesho yake godoro liko kwa simu? Inatusikiliza?

Fundi_Luthuli: Shosh, mzee mwenyewe alilitafuta kwa simu yake na mnatumia waifai moja. Haihitaji masikio.

Shosh_Umoja: Mzee hajui hata kufungua simu.

Kanjo_Mstaafu: Huyo mzee chunguza.

Wa_Tatu_Kutuma: @Aliyetubu hii hadithi naijua. Umeandika saba, tulikuwa wanane. Yangu haijarudi hadi leo.

Aliyetubu: Bwana asifiwe. Wewe ni nani? Nipigie tuongee, usiandike hapa.

Wa_Tatu_Kutuma: Nipigie wewe, namba si unayo.

Mama_Wa_Zimma: Mathee usipige! Kwanza akwambie mkutano wa mwisho mlikula nini.

Wa_Tatu_Kutuma: Githeri. Na haikuwa imeiva.

Aliyetubu: Ni yeye.