Jengo la 1936 Iringa mjini linataka kuvunjwa: kuna sheria inayolilinda?

Mlandege_Juu:
Kamwene wakuu. Naomba wanaojua sheria na majengo. Kuna jengo hapa Iringa mjini, jiwe la msingi limeandikwa 1936. Matofali ya kuchoma, kuta za sentimita 45, matao barazani, kenchi za mbao ngumu. Mwenye nalo anataka kulivunja ajenge fremu za maduka. Mtaani watu wanasema "hilo ni la kale, halivunjwi." Ni kweli kisheria? Na nchi nyingine zinafanyaje?

Mpima_Kalenga:
Mkuu, kwa umri peke yake halilindwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 (Sura ya 333, ikarekebishwa 1979) inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Hebu piga hesabu. Misheni ya Rungwe ilianza 1891, Wajerumani walijenga maboma yao miaka ileile na baadaye, mji wa Mbeya ni wa 1927. Karibu kila ukuta wa matofali tunaoujua Nyanda za Juu Kusini umezaliwa baada ya mstari huo.

Linaloniuma zaidi ni hili: mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki, ukomo wake ni 1940. Kwa hiyo mlango wa nakshi wa 1936 unalindwa, nyumba iliyoushika hailindwi.

Njia iliyobaki ni Waziri mwenye dhamana alitangaze jengo kuwa la kulindwa. Ukiambiwa "ni la kale", omba namba ya Tangazo la Serikali. Bango la makumbusho au mabasi ya watalii havihesabiki. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo inazungumzia majengo yenye thamani ya kihistoria na ya usanifu, kwa hiyo muulize pia afisa mipango miji kama lipo kwenye mpango wa eneo. Za Zanzibar usizichanganye humu, wana sheria zao na mamlaka yao ya Mji Mkongwe.

Sheria_na_Ramani:
Naongezea upande wa nje. Kwetu Tanzania Bara mwaka umegandishwa, 1863 basi. Afrika Kusini umri unatembea: Sheria Na. 25 ya 1999, kifungu cha 34, inasema jengo lolote lililozidi miaka 60 halibadilishwi wala halivunjwi bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Hakuna haja ya waziri kulitangaza kwanza. Jengo lako lilifikisha miaka 60 mwaka 1996, kwa hiyo lingeingia humo tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika. Angalia, si katazo la milele. Mwenye mali anaomba, wanapima thamani, anaweza kuruhusiwa. Udhaifu wake ni kwamba majimbo yasiyo na wataalamu wa kutosha yanalimbikiza maombi. Hata hivyo, huo ndio mfumo ningeuchukua kesho.

Uingereza wana orodha ya majengo yanayolindwa, yenye madaraja matatu: I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya yaliyoorodheshwa ni II. Watu hudhani kinacholindwa ni sura ya mbele tu. Hapana, ndani pia, hadi ngazi na dari. Kufanya kazi bila idhini ni jinai, kifungo hadi miaka 2. Kwa hali yako, kitu cha kujifunza kwao ni notisi ya dharura: halmashauri inaweza kulikinga jengo miezi 6 papo hapo wakati uamuzi wa kuliorodhesha unasubiriwa. Lakini lisipoorodheshwa mwishoni, halmashauri inaweza kudaiwa fidia, ndiyo maana nyingi zinasita. Ufaransa wana kinga ya namna hiyo ya miezi 12, na ujenzi jirani na jengo la kihistoria hukaguliwa, kwa kawaida ndani ya mita 500.

Marekani isikudanganye. Jengo kuwa kwenye Rejista ya Taifa ya maeneo ya kihistoria (sheria ya 1966) hakumzuii mtu binafsi kulivunja kwa hela yake. Meno yapo kwenye sheria za miji. New York ilitunga yake 1965, baada ya stesheni ya Pennsylvania kuanza kuvunjwa.

Chokaa_na_Tofali:
Wakuu mmesema sheria, mimi niseme ukuta. Majengo haya mara nyingi hayavunjwi kwa katapila, yanavunjwa kwa mvua. Bati linatolewa "kwa matengenezo" Oktoba, halirudi. Novemba hadi Aprili maji yanashuka katikati ya ukuta, udongo ulioshika matofali unalainika, kuta zinafunguka pembeni. Mei inakuja ripoti kwamba jengo ni hatarishi. Uingereza halmashauri inatoa notisi ya siku 7, inafunika yenyewe, kisha inamdai mwenye mali gharama.

Pia zuieni lipu ya saruji. Tofali letu la kuchoma ni laini, linapumua. Ukilifunga kwa saruji unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na uso wa tofali unamenyuka vipande. Tumieni chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3.

Kuhusu nyufa: bandika kipande cha jasi chembamba juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli. Kikikatika, ukuta unatembea. Kikibaki kizima miezi kadhaa, ufa ni wa zamani, na hoja ya "hatarishi" inapungua nguvu.

Mlandege_Juu:
Asanteni sana. Sasa nianze na lipi? Bati bado lipo.

Mpima_Kalenga:
Wiki hii piga picha pande zote nne, jiwe la msingi, kenchi na matao, rula ikionekana. Pima, chora ramani ya sakafu. Kisha barua mbili siku moja: ya kwanza kwa Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa utamaduni na afisa mipango miji, ukiuliza kama kibali cha kubomoa kimeombwa. Ya pili kwa mamlaka ya mambo ya kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, ukiomba litangazwe. Eleza nani alijenga, lilitumika kwa nini, lina upekee gani. "Ni zuri" haitoshi. Nakala zako zigongwe mhuri wa kupokelewa.

Mahakama usiitegemee kwa haraka. Kama mwenye jengo ni halmashauri yenyewe, kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi.

Na ongea na mwenye nalo mapema. Boma la Wajerumani hapohapo Iringa leo ni makumbusho, limesimama na linatumika. Matao ya barazani yakizibwa kwa vioo yanatoa fremu bila kugusa ukuta hata mmoja. Mpelekee mchoro huo kabla ya barua hazijamfikia.