Sindano kavu, kuumikwa au fizio (tiba ya viungo)? Naomba ushauri kabla sijalipia

FundiKkoo: Wakuu, habari za jioni. Nina maumivu ya misuli yamenisumbua muda mrefu, dawa za kutuliza nimemeza mpaka nimezichoka. Kliniki moja huku Mikocheni wanataka nilipie vikao vya sindano kavu kwa mkupuo, eti wananipunguzia. Kaka yangu anasema nisitupe hela, niende nikaumikwe, nitolewe damu kwa vikombe. Kesho kutwa nawajibu. Mliowahi kutumia, nishike lipi?

MamaUbungo: Maumivu ya wapi? Shingo, mgongo, goti? Umri? Kazi gani? Tutashaurije hapo!

Chamazi77: Na bei hujataja.

MzeeWaVikombe: Kaumikwe mkuu. Mgongo wangu ulikuwa hauinami hata kufunga kamba za viatu, sasa naswali bila kiti. Hakikisha tu wembe unafunguliwa mbele yako.

FizioTemeke: Mimi ndiyo kazi yangu. Sindano yenyewe haina dawa, ni nyembamba sana, inachomwa kwenye fundo la msuli uliokaza. Mara nyingi msuli unashtuka, kisha unalegea. Siku moja au mbili panauma kama umebeba zege. Inapunguza maumivu kwa muda mfupi, hasa shingo na bega. Bila mazoezi fundo linarudi, kwa hiyo kulipia vikao kwa mkupuo siafiki.

MzeeWaVikombe: Si ndizo sindano za Wachina hizo?

FizioTemeke: Sindano zinafanana, ila Wachina wana ramani yao ya mwili, sisi tunalitafuta fundo kwa vidole. Zamani madaktari wa Magharibi walikuwa wanachoma dawa kwenye hayo mafundo, Janet Travell aliyekuwa daktari wa Rais Kennedy ni mmoja wao. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Kicheki, akaandika kwamba hata sindano tupu inatuliza.

DadaTegeta: Naomba mnisikilize. Mimi nilichomwa juu ya bega, karibu na shingo. Aliyenichoma simu yake ameibana kwa bega, anaongea huku anachoma. Nikasikia kichomi, nikakohoa. Akaniambia kawaida hiyo, vaa blauzi. Jioni napanda ngazi za nyumbani, pumzi haitoshi, nikashika ukuta. Mume wangu akanikimbiza hospitali, picha ya kifua ikaonyesha pafu limetobolewa, hewa imevuja. Nililazwa, nikawekewa mpira ubavuni wa kuitoa hewa. Sisemi sindano haifai. Nasema muulizeni mtu amesomea wapi na leseni iko wapi kabla hamjalala kwenye kitanda chake.

Chamazi77: Pole sana dada. Ndiyo maana mimi naamini mazoezi tu.

MzeeWaVikombe: Vikombe havifiki kwenye pafu.

MamaUbungo: Lakini wembe usio safi unaleta homa ya ini, mzee wangu. Tusifichane.

FundiKkoo: Samahani, nilikuwa na wateja. Ni shingo na bega la kulia. Miaka 44, nashona sare za shule, kutwa niko kwenye cherehani. Kikao ni 40,000. Halafu natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mguu uliwahi kuganda damu. Ya kutuliza ni diklofenaki.

FizioTemeke: Hilo ndilo ungeanza nalo! Usichomwe wala usichanjwe kabla hujamwona daktari anayekuandikia warfarini. Na diklofenaki usiichanganye na warfarini, unaweza kuvuja damu tumboni. Muulize kesho asubuhi akupe nyingine. Ukiona choo cheusi, usisubiri miadi.

MzeeWaVikombe: Kwa warfarini hata mimi nasema usiumikwe. Nimenyoosha mikono.

MamaUbungo: Mwambie pia akuandikie rufaa ya fizio, MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili) wanayo. Uliza kama bima yako inalipia. Na kiti chako cha cherehani kikoje?

FundiKkoo: Stuli ya mbao. Nashukuru, kliniki nitawaambia wasubiri.

Chamazi77: Stuli ndiyo mchawi wako. Keko wanachonga viti vyenye mgongo kwa kipimo chako.

MamaUbungo: Keko mbao mbichi, zinapinda. Chukua cha chuma.

Chamazi77: Inategemea fundi. Changu nakikalia mwaka wa nne.

DadaTegeta: Chamazi, fundi gani huyo? Na mimi natafuta.