Milioni 25, 4x4 ya kuwindia na ya familia: Prado 95, Surf au Escudo?

Mtaa_wa_Pili

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaozijua hizi gari kwa ndani. Bajeti ni milioni 25, na humo nataka zibaki 4 za marekebisho ya mwanzo, kwa hiyo gari lenyewe lisizidi 21. Natafuta la mkononi hapa hapa nchini. Kuagiza Japani nimeshapiga hesabu: gari la umri huo, kodi ya uchakavu inakula bajeti.

Matumizi: siku za kazi ni Morogoro mjini, shule na sokoni, watu watano. Likizo ni Iringa na Njombe. Kuanzia Julai, leseni ya uwindaji ikitoka, safari tatu nne za porini, kila moja kama km 250 za lami, km 60 za vumbi, na mwisho wake ni miombo isiyo na njia. Wanyama ni swala pala, ngiri, mara chache kongoni. Nimeonyeshwa Prado 95 ya dizeli (injini ya 1KZ), Surf ya dizeli na Escudo ya 2007. Dalali anasema Prado "haifi". Na RAV4 au X-Trail je, zinaweza?

Fundi_Rejeta

RAV4 na X-Trail zitoe kwenye orodha mapema. Mara nyingi tairi za nyuma zinaitwa kazini pale za mbele zinapoanza kuteleza, na hakuna gia nzito, ile 4L. Ukipanda ukingo wa korongo polepole na watu na nyama, gia boksi linahenya peke yake. Likiwa CVT (otomatiki la mkanda, lisilo na gia za hatua) linapata moto na gari linapunguza nguvu lenyewe, ukiwa katikati ya mpando. Kwa barabara ya vumbi ni gari nzuri tu.

Sasa Prado ya 1KZ. Dalali hajadanganya sana: chini ni imara, ina chasisi, 4x4 ya muda wote na difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) unayoweza kuifunga. Haifi, ila inapasuka hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Bloku ni chuma, hedi ni alumini, na ikichemka sawasawa hata mara moja inaweza kupata ufa katikati ya valvu. Porini ndiko inakochemkia. Mbegu za nyasi zinaingia zinakaa kati ya kondensa ya AC na rejeta, pale ambapo jicho halifiki. Ukifungua boneti mbele unaona pasafi, kumbe katikati kuna blanketi. Mshale wa joto nao usikutulize: kwenye Toyota za kipindi hicho unakaa katikati hata joto likiwa limepanda kiasi, na ukianza kunyanyuka umeshachelewa. Geji ya pembeni yenye sensa iliyofungwa kwenye hedi yenyewe ndiyo kitu cha kwanza kununua kwenye zile milioni 4.

Namna ya kuikagua: nenda asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Bana kwa vidole paipu ya juu ya rejeta. Inatakiwa kuwa laini. Kama imekaza baada ya kulala usiku kucha, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Fungua kifuniko, mtu awashe, wewe tazama maji dakika tano. Mapovu madogo yasiyokoma ni hedi au gasketi. Maji yakiwa na rangi ya kutu, rejeta imekunywa maji ya bombani miaka mingi na mirija yake imeziba. Halafu zungusha feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ya moto: ikizunguka huru kama pangaboi, ile klachi inayoishikisha na injini imechoka.

Uliza pia kama thamostati ipo, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Mafundi wengi huitoa "ili injini ipoe". Thamostati ya hii injini ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya pili ya maji ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani inachemka zaidi. Likizo zako ni Iringa, maana yake mlima Kitonga utakuuliza hilo swali kila safari.

Na belti ya taiming, km 100,000. Muuzaji asipojua ilibadilishwa lini, ihesabu haijabadilishwa.

Miombo_Kusini

Naungana na fundi, ila tatizo ni injini, si Prado. Tafuta ile ile yenye 3RZ, petroli 2.7. Inatumia cheni, haina turbo wala nozeli za kukusumbua. Soma kibati kwenye boneti usisikilize maneno: KZJ95 ni 1KZ, RZJ95 ni 3RZ, VZJ95 ni V6 ya 3.4. Kwa Surf ni KZN185, RZN185 na VZN185. Ukikuta Surf imeandikwa RZN180, hiyo inavutwa na tairi za nyuma tu hata kama ni ndefu na ina bampa la chuma.

Ulaji: kwenye lami weka km 8 kwa lita, porini ukiwa 4L weka 4. Ndiyo, inakunywa. Ila wewe porini unaenda mara nne kwa mwaka, na pesa ya hedi moja ya 1KZ na gharama ya kuifunga inanunua petroli nyingi sana.

Ugonjwa ambao Prado na Surf wanachangia ni boljointi ya chini ya mbele, kile kiungo kinachoshikilia tairi na kuliacha ligeuke. Imefungwa kiasi kwamba uzito wa gari unaivuta ichomoke badala ya kuikandamiza, kwa hiyo ikiisha haigongi kwa muda mrefu kama za gari nyingine, inachomoka na tairi linalala ubavu. Piga jeki, weka mtaimbo chini ya tairi, nyanyua, mtu mwingine aangalie kiungo. Kikicheza hata kidogo, badilisha zote mbili na bolti zake mpya. Hapa usichukue feki ya bei rahisi, watoto wanapanda hilo gari.

Mambo ya porini ambayo dalali hatakwambia: AC iwe inafanya kazi kweli. Watu wanaona ni anasa, lakini mbung'o wanafuata gari linalotembea, na bila AC utashindwa kufunga vioo. Rangi ya bluu na nyeusi zinawavuta zaidi, chagua nyeupe au ya mchanga. Petroli ina ekzosi yenye katalisti (kisafisha moshi) inayopata moto sana. Agosti na Septemba nyasi kavu zikijikunja juu yake zinawaka. Simama kila nusu saa uzivute kwa fimbo, usiegeshe juu ya nyasi ndefu, na mtungi wa unga wa kuzimia moto wa kilo 2 ukae karibu na dereva, si chini ya mizigo.

Na usiharibu pesa kwenye taa za juu na kiti cha keria. Kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari ni kosa kisheria, na kumulika usiku ni kosa vilevile. Gari kazi yake ni kukufikisha na kurudisha nyama.

TD54W

Mnaikimbia Escudo bila kuipima. Huyu mkuu siku 340 za mwaka yuko mjini. Escudo ya 2005 kuendelea yenye injini ya J20A ina 4L halisi, difu ya kati inafungwa, injini ni ya cheni, na tangi la lita 66 kwa km 9 kwa lita linamfikisha mbali. Chini ina sentimita 20 hivi, zinatosha kama hajipeleki kwenye visiki.

Udhaifu nitausema mwenyewe. Difu ya mbele ina ganda la alumini, beringi zake zikianza kulia ukiwa kwenye 60 hadi 80 usinunue, au kata bei ya difu nzima. Swichi ya 4L ijaribu papo hapo: simama kabisa, gia boksi kwenye N, bonyeza na uzungushe. Taa ikiendelea kumweka bila kutulia, haijaingia, na muuzaji atakwambia "ni waya tu".

Uzito ndio mpaka wake. Inabeba karibu kilo 500 pamoja na watu. Wanaume wanne ni 300, maji, mafuta na hema 100. Zinabaki 100: swala pala mmoja na ngiri mdogo. Kongoni mzima hapo umeivunja, springi za nyuma zinalala na gari linagonga tumbo.

Mtaa_wa_Pili

Nashukuru wakuu. Escudo kwa hesabu hiyo ya kilo imenitoka, maana huwa tunaenda wanne. Kuna RZJ95 ya 1999, namba B, Msamvu, anataka 20. Tairi na harufu ya nyama mnashughulikiaje?

Miombo_Kusini

Saizi yake ni 265/70R16 au ndogo yake iliyokuja nayo, angalia stika ya mlangoni. Nunua za A/T (za lami na vumbi), si zile za matope zenye meno makubwa. Mjini zinapiga kelele na zinakula mafuta. Kinachoua tairi miombo ni visiki vilivyokatwa mshazari, vinachoma ubavuni, na ubavuni haizibwi. Beba spea mbili. Mchangani shusha hadi psi 18 au 20, ukirudi kwenye lami jaza kabla ya kuzidi 40 kwa saa.

Harufu: turubai ni kujidanganya, damu inapita kwenye mikunjo. Chongesha trei ya bati lenye kingo za sentimita 10 ikae eneo lote la nyuma, chini yake mkeka wa mpira. Kwenye gari la familia ng'oa zulia la nyuma kabla ya safari ya kwanza. Likishanywa damu hata sabuni ya unga haitoi, inakuja kunuka mvua za Machi.

Fundi_Rejeta

3RZ nayo mpe kipimo kile kile cha paipu na mapovu, ni ngumu zaidi kufa ila si ya mbinguni. Sikiliza cheni sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Mlio wa kukwaruza usioisha ndani ya sekunde tatu nne, tensha, ile inayokaza cheni, imechoka. Angalia kadi kama namba ya chasisi na ya injini zinafanana na zilizoko kwenye gari, na faini za barabarani zilipwe kabla ya kubadili jina.

Mpigie muuzaji usiku umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho.