Wimbo wa kufungulia muziki

Neema: Shikamooni wote. Mimi na Daudi tumechagua wimbo wa kufungulia muziki kwenye sherehe yetu: In the Still of the Nite, ule wa Boyz II Men. DJ anataka orodha leo.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Huo tuliucheza sana miaka ya tisini!

Baba Mdogo Elia: Marahaba. Umechagua vizuri, ila nakuomba uwasikilize kwanza wenye wimbo. Boyz II Men waliurudia 1992 ukafika nafasi ya 3 Marekani. Wenyewe ni kikundi cha The Five Satins cha New Haven, Connecticut, 1956.

Neema: 1956?? Ngoja niutafute.

Baba Mdogo Elia: Fred Parris, mwimbaji wao mkuu, alikuwa kijana wa jeshi. Aliutunga yuko lindoni usiku, anamuwaza mpenzi wake. Wakaurekodi kwenye chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Bernadette. Mpiga saksafoni, Vinny Mazzetta, alikuwa muumini pale, ndiye aliyewaombea nafasi.

Joshua: Ndiyo maana sauti inavuma hivyo. Na wale waitikiaji nyuma, mh!

Baba Mdogo Elia: Hapo hapo Joshua! Hiyo "shoo-doo" ndiyo doo-wop yenyewe, mtindo ambao koo zinafanya kazi ya ala. Jina ni Five, yaani watano, lakini siku ile waliimba wanne tu.

Shangazi Rehema: Ukavuma papo hapo?

Baba Mdogo Elia: Mwanzoni uliwekwa upande wa pili wa santuri, wa kwanza ulikuwa The Jones Girl. Watangazaji wa redio wakaugeuza. Ukafika nafasi ya 3 chati ya R&B (muziki wa Wamarekani weusi) na ya 24 chati kuu, halafu ukarudi chati kuu 1960 na tena 1961. Kinachoniuma ni kwamba unavuma, Parris yuko Japani jeshini. Bill Baker akaimba badala yake kwenye kikundi. Mtu atoe kitu cha moyoni namna ile, nchi nzima inakicheza, mwenyewe hayupo!

Shangazi Rehema: Jamani. Alirudi lakini?

Baba Mdogo Elia: Alirudi, akaimba na Satins miaka mingi. Alifariki Januari 2022.

Neema: Baba Mdogo, nimeusikiliza na Daudi hapa. Tunafungua na huu wa 1956. Wa Boyz II Men utapigwa wakati wa chakula.

Baba Mdogo Elia: Umenifurahisha sana mwanangu. Mwandikie DJ "Five Satins" kabisa, maana Cole Porter naye ana wimbo wa 1937 wenye jina karibu lilelile. Asije akachanganya.